Walionipa Kipande Kitupu

Kabla hujaniuliza habari za mguu, nakujibu: unatembea. Unachechemea, hasa asubuhi na wakati wa masika, lakini ni wangu mwenyewe na unanifikisha ninakokwenda. Nayaandika haya kwa ajili yako wewe uliyelazwa na mguu juu ya mto, umezungukwa na ndugu wanaokwambia "utapona, usijali," na hakuna hata mmoja anayekwambia utaponaje. Mimi naitwa Somoe. Ni mjane, mkazi wa Pande, na kabla ya kuvunjika nilikuwa nakomba chumvi. Udaktari siujui na sitajifanya naujua. Nitakueleza yaliyonipata na niliyofanyiwa. Ukiona nina hasira, ujue hapa nimeshaipunguza.

Mashamba yetu ya chumvi yalikuwa ya ushirika wa kijiji. Ilipokuja enzi ya ruksa, na baadaye kila kitu kikawa kinatafutiwa mwekezaji, nayo yakapata wake. Zamani tulikuwa tukijaza magunia na kuyalaza chini, kila mmoja na lake. Mwekezaji akataka yapangwe juu kwa juu kando ya majaruba, yale madimbwi ya kukaushia chumvi, lori likija lisikawie. Kingo za majaruba ni udongo, na udongo ukilowa hauna urafiki na mtu. Siku hiyo ukingo ulimeguka nikiwa nimesimama chini yake, rundo likaniangukia kwenye muundi. Nilisikia mlio kabla ya kusikia maumivu.

Hospitali ya kwanza walinifunga plasta. Ndani ya plasta kidonda kikaoza, tena kikanuka hata mimi mwenyewe nikawa nageuza uso. Walipoifungua, ikabidi sehemu ya mfupa uliokufa itolewe. Ukabaki mguu wenye pengo katikati, juu mfupa, chini mfupa, kati hakuna kitu. Daktari mmoja kijana akasema neno "kukata" akidhani nimelala.

Hapo ndipo alipoingia kaka yangu Selemani. Kaka Selemani ni fundi cherehani, mkubwa wetu, na tangu baba afariki yeye ndiye mdomo wa nyumba. Posa inakuja kwake, msiba unatangazwa na yeye, na mtu akiugua, yeye ndiye anayekwenda kuongea na daktari. Kwetu ndivyo ilivyo. Mgonjwa kazi yake ni kuugua. Habari za ugonjwa wake ni za wakubwa. Mgonjwa akiuliza sana huambiwa anajitia uchungu bure. Nami nililelewa hivyo hivyo, na mume wangu alipokuwa anaumwa nilinyamaza kimya nyuma ya mlango wakati wengine wakiongea, sikuona ajabu.

Kaka alikuwa amesikia kwamba Lindi, kwenye hospitali moja ya binafsi iliyofunguliwa miaka hiyo, kuna madaktari wa mifupa wanajaribu dawa mpya pamoja na wenzao wa Ulaya. Hawaweki chuma cha kudumu mwilini. Wanaweka kipande kinachoyeyuka. Tukaenda, mimi nimelazwa nyuma ya gari la korosho, binti yangu Rukia kaniwekea kichwa mapajani, na kila shimo la barabara ile nililijua kwa jina lake. Mvua zilikuwa ndio zinaanza. Tulikwama, tukasukumwa, tukakwama tena.

Nitasema haki: yule daktari alikuwa mpole. Alikuja mpaka kwenye benchi la barazani, akachuchumaa, akanionyesha kipande chenyewe kikiwa kwenye chupa. Kilikuwa cheupe, chenye vitundu vitundu, chepesi kama andazi lililokauka.

"Mama, hii ni plastiki, lakini si ya ndoo," alisema. "Mwili unaiyeyusha taratibu. Sasa, juu ya ngozi yake tunaweka chaji ya umeme. Usiogope, haikurushi kama umeme wa nguzo. Ni chaji ndogo, ya hasi. Kalisiamu iliyomo kwenye damu yako ni chanya, na hasi na chanya zinavutana. Kalisiamu ikija ikishika, fosfeti nayo inaifuata, yanaganda madini, na juu ya madini hayo mwili unajijengea mfupa. Kipande kinapokwisha kuyeyuka, mfupa umeshachukua mahali pake."

Rukia alikuwa ametoa macho. Mimi nilielewa, tena nilielewa vizuri, maana chumvi nayo haigandi popote tu. Tumbukiza kamba ya mkonge kwenye jaruba, siku si nyingi utaikuta imevaa punje kutoka mwanzo hadi mwisho. Beseni la plastiki lililozama kando yake linatoka kama lilivyoingia. Nikamwambia daktari, "Kumbe mnataka kuifanya plastiki iwe kamba." Akacheka, akasema ndiyo, ni hivyo hasa.

"Ila kuna jambo jingine," akaanza.

Kaka akamshika bega. "Daktari, hayo mengine tukaongee ndani. Mgonjwa tumwache apumzike."

Wakaingia, mlango ukafungwa. Nilibaki nje na Rukia. Tulisikia sauti, hatukusikia maneno. Walikaa humo muda mrefu. Kaka alipotoka alikuwa ameivua kofia yake nyeupe ya kushonwa kwa mkono, ameishika, anaikunja na kuikunjua.

"Wamesemaje?" nikamuuliza.

"Wamesema utapona. Utawekewa kile kile ulichoonyeshwa, chenye umeme. Umekubali?"

"Wewe ndiye kaka. Ukikubali wewe, nimekubali."

Akarudi ndani. Rukia akaitwa naye aende. Alipotoka akaniambia amekwenda kutia saini kama shahidi. Sikumwuliza zaidi.

Walinipasua mvua ikipiga juu ya bati. Nilipozinduka mguu ulikuwa umevikwa fremu ya chuma kwa nje, pini zimepenya nyama na kuingia kwenye mfupa, ili kuushika wakati kipande kinafanya kazi yake ndani. Jiandae na pini, ndugu yangu. Haziumi kama unavyodhani, lakini zinawasha, na unapowashwa huna pa kujikuna. Kila asubuhi Rukia alizisafisha kwa maji ya moto yaliyotiwa chumvi. Chumvi niliyoikomba miaka yote sasa ilinikomba mimi. Paja likanywea likawa mkono wa mtoto. Vinyweleo vya mguu vilianguka vyote, ngozi ikang'aa, na unyayo ukawa mlaini kama wa mtu asiyewahi kutembea. Nililia siku nilipoushika unyayo ule. Ulikuwa kama wa mtu mwingine.

Kulikuwa na mambo mema pia, nisiyafiche. Nesi mmoja alikuwa akinichemshia maji ya kuoga bila kuombwa. Na kwenye benchi la kungojea picha za eksirei nilimpata Mama Filomena, mwanamke wa Kimakonde kutoka kwenye uwanda wa juu, mfanyabiashara wa ufuta pale Lindi, aliyeangukiwa na baiskeli ya mizigo. Naye alikuwa na fremu kama yangu. Yeye alikuwa akija na mumewe, mimi na Kaka. Kila kliniki alileta ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha kwenye kitambaa, tukala huku tumenyoosha miguu yetu ya chuma mbele, wapita njia wakituruka.

"Dada angu," aliniambia mara ya kwanza, "tukipona tuuze vyuma hivi kwa fundi baiskeli."

Picha ya kwanza nilipigwa wakati wa baridi ya kipupwe. Kwenye pengo palikuwa peusi. Daktari akasema plastiki haionekani kwenye picha, tungoje, kinachotakiwa kuonekana ni weupe wa madini. Tukangoja. Nilirudi Pande, nikakaa kitandani nikiufikiria mguu wangu kama jaruba: maji yameshaingia, jua linawaka, kesho kutwa kutaganda. Usiku na mchana niliiambia damu yangu ipeleke chokaa yake huko. Nilikunywa maziwa mpaka nikayachukia, nikatafuna dagaa na mifupa yao. Majirani walikuja kunijulia hali na bakuli za uji, wakanitazama mguu, wakatazamana wao, wakasema, "Mungu ni mwema, mwaya." Nikaitikia.

Mabibo yalipoanza kuiva tukarudi Lindi kwa picha nyingine. Mama Filomena alikuwa ametangulia. Alikuwa ameinua picha yake kwenye mwanga wa dirisha, meno yote nje. Katikati ya muundi wake palikuwa na ukungu mweupe, kama maziwa yaliyomwagika kwenye maji, yameshika upande huu na upande ule. Nikampa hongera kwa moyo wote, wallahi. Kisha nesi akanipa yangu, nikainyanyua kando ya yake. Nyeusi. Na safari hii mfupa wa juu ulikuwa umeanza kupinda kuelekea wa chini, maana kilichokuwa katikati kilikuwa kinayeyuka na hakuna kilichokuja kuchukua mahali pake.

"Pole, dada angu," Mama Filomena akasema. "Ndiyo bahati. Mie nimeangukia chenye umeme."

"Si sote tumepewa chenye umeme?"

Akanitazama. "Weee! Hukuambiwa? Wengine wamepewa chenye umeme, wengine kitupu, kwa kura, ili walinganishe kama huo umeme una kazi au hauna. Mie daktari alinieleza mbele ya mume wangu. Akaniambia na njia ya zamani ipo, ya kuchukua mfupa nyongani kwako na kuupandikiza mguuni. Unaumia zaidi, lakini inajulikana. Nikasema aa, nijaribu kura."

Niligeuka kumtazama Kaka. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Mkono wake ulikwenda kichwani, kofia ikashuka mapajani, akaanza kuikunja.

Ndugu msomaji, nimewahi kuangukiwa na magunia ya chumvi. Najua uzito unavyokuwa. Ule wa siku ile ulizidi.

"Kaka," nikasema, "ulijua?"

"Somoe, hapa hadharani..."

"Ulijua?"

"Nilijua kuna kura. Sikujua utaangukia kipi. Nilipoambiwa ni kitupu, ulikuwa umeshapasuliwa."

"Ukaniambia chenye umeme."

"Nilikuombea kiwe hicho."

Nilicheka. Nadhani watu wa pale barazani walidhani nimepata wazimu. Nikamgeukia Rukia. Mwanangu wa kumzaa, aliyezisafisha pini zangu kila asubuhi akinipigia hadithi za huo umeme unavyovuta kalisiamu, akawa analia kabla sijafungua mdomo.

"Mjomba alinikataza, mama. Alisema ukijua moyo utavunjika, na mtu aliyevunjika moyo mfupa haungi."

"Na nani mwingine anajua?"

Akaficha uso kwenye kanga yake.

"Rukia."

"Wote, mama. Wa nyumbani wote. Na majirani, wale wa uji."

Pande nzima ilijua kilichomo ndani ya mguu wangu, isipokuwa mimi niliyeubeba. Wahenga walimwonya mwenye kuficha maradhi kwamba kifo kitamuumbua. Juu ya ndugu wanaomficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe hawakusema neno, labda kwa sababu na wao walikuwa wakifanya hivyo hivyo. Nilikumbuka kila bakuli la uji. Nilikumbuka jinsi walivyokuwa wakitazamana, nami nikidhani ni huruma.

Nilikataa kushikwa. Nilijikokota kwa magongo mpaka kwenye mlango ule ule, nikausukuma. Daktari alikuwa anaandika.

"Daktari, kichwa changu hakikuvunjika, ulivunjika mguu. Mbona hukuniuliza mimi?"

Alinyanyuka akanipa kiti. Nikamwona amefadhaika kweli. "Mama, nilitaka kukueleza. Kaka yako akaniambia kwenu mgonjwa hasumbuliwi. Nikamwomba basi atoke akakuulize. Alitoka, akarudi, akasema umekubali. Na binti yako akashuhudia."

"Nimekubali kitu gani? Yeye alichokisema, au wewe ulichokisema?"

Akasema, "Tulikuwa hatujui, mama. Ndiyo maana ya majaribio. Sasa tunaanza kuona kwamba chaji inasaidia. Wenye chaji wanashika madini mapema. Wasio nayo, kwa wengine mwili unajitahidi wenyewe, kwa wengine..."

"Mmelijua kwenye mguu wangu."

"Ndiyo," akasema. "Kwenye mguu wako."

Angalau hakunidanganya. Nikamwambia anieleze yote tangu mwanzo, polepole, mlango ukiwa wazi. Akanieleza. Nikauliza maswali ya kijinga na yasiyo ya kijinga, akajibu yote. Nikachagua mfupa wa nyonga. Nilitia saini mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba, na Kaka Selemani alibaki nje kwenye benchi.

Vuli ilinikuta na vidonda viwili badala ya kimoja. Nyonga inauma kuliko mguu, nisikudanganye. Kukohoa ilikuwa adhabu, kucheka ilikuwa adhabu kubwa zaidi, na Mama Filomena, aliyeshatolewa fremu yake, alikuja wodini kunichekesha kwa makusudi. Lakini kaskazi ilipokuwa inakwisha wakanipiga picha, nami nikaiinua dirishani. Kulikuwa na weupe. Mchafu, wa mabonge mabonge, haukupendeza kama wa mwenzangu, lakini ulishika juu na ulishika chini. Masika yaliyofuata fremu ikatolewa. Nilitembea kutoka kitandani hadi mlangoni, nikashika mlango, nikakaa chini nikalia.

Mguu uliunga mapema kuliko nyumba. Rukia nilimsamehe, ni mtoto, alikatazwa na mkubwa. Kaka sikumsamehe. Nilimwamkia shikamoo kila nilipomwona, maana adabu ni adabu, naye akaitikia marahaba, na hapo mazungumzo yetu yalikwisha. Idi tulikula sinia moja, kila mtu kwenye ubavu wake wa wali. Siku moja aliniletea kanga aliyoipindia pindo mwenyewe kwa cherehani yake, akasema, "Nilifanya kwa kukupenda, Somoe." Nikamwambia, "Najua. Ndiyo maana inauma." Akaondoka. Kanga niliivaa. Hasira sikuivua.

Nilichojifunza ndicho ninachowaambia wote wanaokuja kuniuliza, wengine wanatoka mpaka Miteja: mgonjwa aingie ndani mwenyewe. Ndugu waje, washike mkoba, wanunue maji, waombe dua. Lakini daktari akisema "kuna jambo jingine," masikio yanayolisikia yawe yako. Nililisema hili kwenye harusi na kwenye misiba, mpaka watu wakanichoka. Nililisema mbele ya Kaka, tena kwa sauti.

Msimu huu wa korosho Kaka Selemani ameanza kukonda. Chakula hakipiti vizuri kooni, na nguo alizojishonea mwenyewe zinamning'inia. Hakumwambia mtu. Alikuja kwangu asubuhi, akasimama mlangoni, akasema, "Nisindikize Lindi." Hakumtaja mwingine, nami sikuuliza kwa nini mimi. Nikachukua gongo langu.

Hospitali ni ile ile. Benchi ni lile lile, ila limepakwa rangi. Walimpima asubuhi, tukaambiwa tungoje. Tuligawana muhogo wa kukaanga, yeye akala kidogo mno, akanipa wake. Jina lake lilipoitwa nami nikanyanyuka, niko naye bega kwa bega, tayari kusikia pamoja naye.

Akanigeukia. "Si ulisema mgonjwa aingie mwenyewe?" Alikuwa anatabasamu kidogo, kama zamani alipokuwa akinitania. "Basi kaa hapo."

Mlango ukafungwa. Nikakaa. Nilisikia sauti, sikusikia maneno. Mlango ulikuwa mbele yangu na gongo lilikuwa mkononi, ningeweza kuusukuma kama nilivyousukuma wakati ule, lakini mwili ule haukuwa wangu. Nikatazama watu wanavyoinua picha zao dirishani. Alikaa humo muda mrefu.

Alipotoka nikanyanyuka haraka mpaka mguu ukanichoma.

"Wamesemaje, Kaka?"

"Wamesema nitapona," akasema.

Kofia ilikuwa mkononi mwake, anaikunja na kuikunjua.